Bushi Iliyogeuka Tupa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiuliza kwa nini bushi (pete ambamo shafti, ule mhimili wa mashine, huzunguka) alizomimina kwa epoksi, resini ya maji inayoganda ikawa ngumu, na nyuzi za kioo zinakula shafti ya mashine yake. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa jibu la swali hilo lilinigharimu mteja.

Nilikuwa na karakana ndogo Kariobangi, nami nilijiona bingwa wa nguvu: nilishindilia nyuzi za kioo kadiri resini ilivyokubali kuzimeza, na bushi ilipogongwa mezani ililia kama chuma. Baada ya wiki sita, mteja, mwenye mashine ya kuchanganya chakula cha kuku, aliirudisha pamoja na shafti yake, akaviweka mbele ya mafundi wangu. Nilipopitisha kucha juu ya shafti, ilikwama katika mifereji. Ndani ya bushi mlikuwa na unga wa kijivu unaometameta. "Uliniuzia bushi au tupa?" aliuliza. Mafundi wangu waliinama wasinitazame.

Kioo ni kigumu kuliko chuma laini, na nyuzi zinapokatika, vipande vyake hubaki katikati vikikwaruza pande zote mbili. Grafiti, ule unga mweusi wa penseli, nayo ina matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine, na hupaka shafti utando mwembamba unaopunguza msuguano, lakini ukiitegemea peke yake bushi hubaki dhaifu. (Grafiti huteleza kwa msaada wa mvuke ulio hewani, hivyo haifai katika ombwe, mahali pasipo na hewa, ingawa sijapata mteja anayelisha kuku anga za juu.) Ndiyo maana lazima vijazo hivi vifanye kazi pamoja: kioo kibebe mzigo, grafiti ilainishe njia.

Siku hizi, kwa kila gramu 100 za resini iliyokwisha kuchanganywa na dawa yake ya kugandisha, naweka gramu 15 za nyuzi zilizosagwa na gramu 8 za grafiti, vyote vikiwa vimekaushwa. Ndugu zangu, acheni tamaa ya kuongeza: mchanganyiko ukiwa mzito hunasa viputo vya hewa, na ufa huanzia kwenye kiputo. Tena ing'arisheni shafti kwanza. Narudia, shafti kwanza.

Bushi niliyofunga Dandora imemaliza miezi 11, na shafti yake imepakaa weusi unaong'aa kama ncha ya penseli. Yule mteja wa mashine ya kuku hupita huko huko, na hajawahi kusimama.