Bledi haikati? Acha kulaumu trekta

Msomaji mmoja wa Mbozi ameniandikia hivi: “Shikamoo kaka. Nimenunua bledi ya nyuma kwa ajili ya Massey 375 yangu. Nikiishusha inateleza tu juu ya barabara, haichukui kitu. Nikiilazimisha inazama ghafla mpaka injini inataka kuzima. Muuzaji anasema trekta langu halina nguvu. Nifanyeje?”

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Kwa wasioijua, bledi ya nyuma ni bamba la chuma lenye kisu chini, linalofungwa nyuma ya trekta kuchonga barabara. Maneno hayo ya muuzaji nayajua, na mimi niliwahi kuambiwa na mtu mwenye duka kubwa na kiyoyozi. Lakini Massey 375 ina nguvu za farasi zinazokaribia 75. Trekta linalovuta plau ya diski tatu kwenye udongo mzito litashindwaje kuvuta bledi ya futi saba? Ukiambiwa habari ya nguvu, jua kwamba anayekuambia hajawahi kukaa kwenye kiti cha trekta akageuka nyuma kuangalia kisu kinafanya nini.

Niseme nazungumza kutoka wapi. Huku kwetu Njombe mvua inaanza Novemba na inakwenda mpaka Aprili, mwaka mwingine inagusa Mei. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, na mashamba ya viazi yako juu ya vilima. Barabara za wilaya zinahudumiwa na TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, lakini njia ya kutoka barabarani kuingia shambani ni ya kwenu wenye mashamba, mtajua wenyewe. Isipopitika, Fuso haipandi. Fuso isipopanda, dalali anakupangia bei akiwa amesimama kule chini, na viazi unavishusha kwa pikipiki, gunia moja moja, faida yote inaishia kwa bodaboda.

Msimu huu njia yetu imekatwa na trekta langu. Fuso zimepanda na kushuka zimejaa lumbesa, mvua ikinyesha. Nasema wazi kwamba najivunia. Nina sababu, maana kabla ya hapo kamati ya njia ilininyang'anya kazi hiyo hiyo ikakodi greda kutoka mjini, na mjumbe mmoja akasema mbele ya watu kwamba trekta langu “linaikuna barabara mgongo”. Watu walicheka sana. Msimu huu mjumbe huyo amepita kwenye njia niliyoikata bila hata kushusha kioo anisalimie. Sawa tu. Barabara imempitisha.

Sasa tuje kwenye bledi yako.

Jambo la kwanza ambalo wauzaji hawalisemi: haidroliki ya nyuma ya trekta inainua tu. Haisukumi chini. Ukishusha leva, mikono ya nyuma inayobeba kifaa inashuka kwa uzito wa kile ilichobeba, basi. Greda lina mitambo ya kukandamiza kisu ardhini, wewe huna. Kwa hiyo bledi nyepesi kwenye moramu iliyoshindiliwa na magari itapita juu yake hata ukiifunga kwenye trekta la farasi 200. Bledi niliyouziwa mimi ilikuwa ya mabomba membamba, rangi nyekundu inang'aa, watu wawili wanaibeba. Hapo ndipo hela yangu ilipopotelea, na muuzaji bado alitaka kuniuzia trekta kubwa zaidi!

Dawa yake haikuwa dukani. Fundi wa kuchomelea alitengeneza kikapu cha nondo juu ya fremu, nasi tukamimina matofali ya zege yanayoingia humo na kufungwa kwa cheni. Siku hiyo hiyo bledi ilianza kuuma. Ila angalia mbele: ukiongeza uzito nyuma, ukainua bledi huku unapanda mlima, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haukusikii. Weka vyuma vya uzito mbele. Na nakuomba, usipandishe watoto juu ya bledi wawe ndio uzito. Naliona hili kila msimu, vijana wamejipanga wanacheka, dereva naye anacheka. Akidondoka mmoja mbele ya kisu, hakuna wa kucheka tena.

La pili ni toplinki, ule mkono wa juu wa katikati unaoshika kifaa na trekta, unaozungushwa kuufupisha au kuurefusha, na hapa ndipo wakulima wengi tunakwama kwa sababu tumefundishwa na plau. Kwenye plau, ukitaka izame unafupisha toplinki, pua inainama, inaingia. Ukifanya hivyo kwenye bledi unaiharibia kazi. Toplinki ikifupishwa inavuta sehemu ya juu ya bledi kuja mbele, makali yanabaki nyuma, na bledi inaanza kuburuza. Inafaa kwa kusambaza kifusi au kumalizia. Ukitaka ikate, refusha toplinki. Sehemu ya juu inalala nyuma, makali yanatangulia mbele na kuingia chini ya udongo. Refusha mizunguko miwili, pita mita kumi, shuka uangalie. Kisha tena. Usiizungushe yote kwa mkupuo, utahamia kwenye tatizo lako la pili, lile la kuzama ghafla.

Aliyenionyesha hilo ni mzee mmoja mstaafu aliyeendesha greda miaka mingi. Hakutaka hata hela. Alisimama pembeni, akaangalia trekta likipita, akasema, “Mwanangu, bledi yako imeinama kama inasali.” Akachukua toplinki akaizungusha mwenyewe. Wale wa kamati walikuwepo siku hiyo, wakamwona, na bado wakaenda kukodi greda.

Kuzama ghafla kuna chanzo kingine, na kwa Massey ningeanza nacho. Pembeni ya kiti una leva mbili za haidroliki. Moja inashikilia kifaa kwenye kimo ulichokichagua. Nyingine inasikiliza mzigo kupitia toplinki: udongo ukiwa mgumu inainua, ukiwa laini inashusha mpaka mzigo urudi pale ulipoupanga. Huo ni ujuzi wa Harry Ferguson, mvumbuzi wa mambo ya matrekta, na kwa plau ni ujuzi mkubwa, trekta haliteseki. Kwa bledi ni balaa. Sehemu ngumu, ambayo ndiyo ulitaka kuikata, bledi inajiinua. Sehemu laini, ambayo hukutaka kuigusa, inazama. Mdogo wangu, soma tena ujumbe wako: inateleza, kisha inazama. Nina hakika unafanyia kazi kwenye leva ya plau. Fungua kitabu cha trekta uone leva ipi ikae wapi, halafu tumia ile ya kimo peke yake.

Kisu nacho. Yale makali ya chini yanafungwa kwa bolti zenye vichwa vinavyozama, na kwenye bledi nyingi kisu kina pande mbili: upande mmoja ukiisha unakigeuza. Wengi hawajui, wanatembea na kisu kilichoviringika kama kijiko wakati upande mwingine bado mpya. Kikiisha pande zote, tafuta kipande cha kisu kikuukuu cha greda kwa wauza chuma chakavu, kikatwe na kutobolewa. Kifunge kwa bolti, usikichomelee. Chuma kile ni kigumu, kikichomelewa bila kupashwa moto vizuri na kikapoa haraka kinapasuka pembeni ya weldi, tena kinakupasukia ukiwa katikati ya kazi ya watu.

Halafu udongo wenyewe. Ukienda kukata njia Septemba, vumbi linapaa, udongo umekauka, unatafuta lawama tu. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na matrekta yao kwa ajili ya mradi wa karanga, wakiwa na fedha za serikali yao na wahandisi. Kiangazi udongo ule ulikuwa mgumu ajabu, na chembe zake zilikuwa zinakula makali ya majembe. Ilipofika 1951 mradi umefungwa. Hawakushindwa kwa udongo peke yake, lakini udongo ulikuwemo. Wewe na bledi yako ya futi saba unakwenda kubishana nao Septemba?

Subiri mvua za kwanza zinyeshe, au pita wakati masika yanaisha kabla ardhi haijakaza. Chota udongo, ufinye. Ukishikamana bila kugandia kiganjani, ingia kazini. Ukigandia, rudi nyumbani ukanywe chai. Ukimwagika kama unga, bado. Na kama njia imeshindiliwa sana, tanguliza ripa, kile kifaa cha meno ya kupasua udongo, meno yaingie kidogo tu, sentimita chache, kisha bledi ije ikusanye. Bledi ni ya kukwangua na kusogeza, kuvunja mwamba siyo kazi yake.

Ukishaweka hayo sawa, igeuze kwa pembe. Toa pini, zungusha bledi iwe kama nyuzi 30 hivi, rudisha pini. Bledi iliyonyooka inabeba udongo wote mbele yake mpaka inashindwa. Iliyogeuzwa inaukata na kuutiririsha pembeni. Zungusha pia mkono wa mkunjo ulio upande wa kulia wa mikono ya trekta, ncha moja ya bledi ishuke kuliko nyingine, uanze na mtaro. Udongo wa mtaro unaupeleka katikati, ndio unaojenga mgongo wa barabara. Mgongo unaotosha ni sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita kutoka katikati kwenda ukingoni. Njia ya upana wa mita nne, basi katikati iwe juu kwa sentimita 8 hadi 12. Barabara bapa inapendeza siku ya kwanza, mvua ikija inageuka bwawa. Huyo mwenye greda wa kamati aliiacha bapa kabisa. Watu waliisifu sana. Ilipofika Januari wakaacha kuisifu.

Kuhusu yale mawimbi, matuta madogo yanayobaki nyuma yako: hayatokani na bledi kuwa mbovu. Bledi iko nyuma ya ekseli. Gurudumu la mbele likipanda tuta, bledi huku nyuma inashuka na kuchimba. Gurudumu likishuka shimoni, bledi inainuka na kuacha udongo. Kwa hiyo kila kasoro unaichora upya, na ukipita resi unaichora kubwa zaidi. Gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea. Kata vichwa vya matuta kwanza, usichimbe kina mara moja. Kaza cheni za pembeni ili bledi isiyumbe. Ukiwa na uwezo, fundi akufungie magurudumu mawili madogo nyuma ya bledi, yanashikilia kimo vizuri sana. Na pita ya mwisho, igeuze bledi kinyumenyume, mgongo wake utangulie: haikati tena, inapiga pasi.

Vijana mnaonisoma, nisikieni. Kazi hii wengi mnaitaka kwa sababu mmesikia inalipa, na kweli inalipa. Lakini mnafika shambani saa nne, hamjashika spana, hamjakagua kisu, mnataka saa nane mchukue hela na kuondoka. Kushuka kwenye kiti hamtaki. Mimi nashuka, naangalia kisu, naangalia toplinki, napanda, nashuka tena. Wanaosema mzee huyu anapoteza dizeli waacheni waseme. Mwenye shamba halipii dizeli uliyoichoma, analipia Fuso ipande mwezi Februari. Tena msikubali kukata njia isiyo na mahali pa kutolea maji. Mwambie mwenye njia kabla hujawasha injini: mitaro ya kupeleka maji porini ichimbwe, hasa kwenye mteremko, la sivyo hela yake airudishe mfukoni. Nimeshakosa kazi kwa kusema hivyo. Niko tayari kukosa nyingine.

Wewe wa Mbozi, kesho anza na leva, halafu toplinki, halafu uzito. Kisha nitumie picha ya kisu, uipige kutoka pembeni, bledi ikiwa imeshushwa chini na trekta limesimama mahali tambarare. Ya kutoka mbele usinitumie, haionyeshi kitu.