Jibu: Matatu zinanipita karibu mno nikiwa na baiskeli, nifanyeje?

Pole sana ndugu. Kioo cha matatu kukugusa kiwiko pale kati ya Kisian na Maseno, barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukiwa na mitungi ya maziwa nyuma, si jambo dogo.

Kosa si lako, lakini kuna unachoweza kubadilisha. Usijibane ukingoni kabisa mwa lami. Ukijibana, dereva huona nafasi na kujipenyeza bila kuhama njia yake. Nawe ukiyumba kidogo, unaangukia kule lami ilikomomonyoka. Acha kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni, uende moja kwa moja. Ukitaka kukwepa shimo, tazama nyuma kwanza, kisha nyoosha mkono wa kulia.

Trela za kwenda Uganda ziogope zaidi: upepo wake hukusukuma, kisha hukuvuta. Ukisikia moja inakuja nyuma na mbele kuna gari jingine, toka barabarani usubiri. Najua barabara ni yako pia, lakini trela yenye mzigo haisimami ghafla. Na kwenye makutano usipite kamwe kushoto mwa lori. Likikata kona dereva hakuoni.

Madereva mnaosoma: Ufaransa sheria inadai mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Wekeni nafasi hiyo hapa pia, isipokuwepo, subirini.

Ukigongwa, hata mchubuko tu, nenda hospitali, kisha uripoti polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuthibitisha majeraha. Usikubali kumalizana barabarani. Ukiumia vibaya, mwone wakili mapema kuhusu bima.