Maswali na majibu: kusaka ugonjwa ndani ya jeni

Kiashiria cha ugonjwa ni kitu gani hasa? (Mwanafunzi, Mambrui)

Ni chochote kinachopimika mwilini kikatuambia kwamba ugonjwa upo, unanyemelea, au dawa imeanza kufanya kazi. Viashiria vingine husomeka ndani ya jeni zenyewe. Siko seli, tunayoijua sana hapa Pwani, hutokana na herufi moja tu katika jeni ya HBB: palipokuwa na A pamekuwa T, na chembe nyekundu za damu zikapinda kama mundu.

Nina jedwali la vipimo vya damu: watu 40, kila mmoja na kiwango cha utendaji wa jeni 20,000. Nianzie wapi? (Mtafiti chipukizi, Malindi)

Anza kwa kutazama, mwanangu. Chora grafu ya PCA, njia ya kufupisha vipimo vingi vitoshee kwenye picha moja: kila mtu nukta moja, waliofanana wakae karibu. Mimi nilipochora ya kwanza, nukta zilijigawa makundi mawili safi kabisa na moyo ukanidunda. Kisha nikazipaka rangi kwa tarehe. Kundi moja lilikuwa damu iliyopimwa Jumatatu, jingine ya Alhamisi. Wagonjwa na wazima wamechanganyika humo humo. Kama ningekimbilia hesabu, ningetangaza tofauti ya siku mbili za maabara kuwa ugonjwa.

Ukishajiridhisha, ndipo upime. Hata hapo, ukitumia kiwango cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa kila 100, kwa jeni 20,000, kama 1,000 zitajitokeza kwa bahati tu. Rekebisha kwa njia ya Benjamini na Hochberg, hesabu ya kupunguza jeni za bahati kwenye orodha, kisha zilizobaki uzijaribu kwa damu ya watu wengine. Bila hatua hiyo mimi siamini orodha yoyote, hata yangu.

Programu za kompyuta za kuchambua jeni ni ghali? (Fundi wa maabara, Gede)

La. R na Python, lugha za kuandikia hesabu, ni bure, na Bioconductor, zana za jeni ndani ya R, pia. Galaxy hufunguka mtandaoni bila kuandika msimbo.

Marekani wameshapima watu wengi. Damu yetu ya nini tena? (Mama wa mtoto mwenye siko seli, Barani)

Dada yangu, aina mbili za jeni ya APOL1 zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa figo zilielezwa mwaka 2010. Wenye asili ya Afrika wanazo. Wazungu karibu hawana. Ukiwatafiti wao peke yao, huzioni.

Na liko linalokuhusu wewe. Mwanao ana siko seli, kwa hiyo karibu hakika umebeba jeni moja ya siko seli. Kwa watu kama wewe, kipimo cha HbA1c, kile cha sukari ya miezi mitatu, kinaweza kusoma chini kuliko sukari ilivyo. Ukienda kupimwa, mwambie daktari mapema.