Maswali na Majibu: Saa Tatu ya Kikao na Saa Tisa Usiku ya Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi katika Mji wa Serikali, Mtumba, na siku za mapumziko hushinda kwenye shamba langu dogo la zabibu huko Hombolo. Nimeweka programu ya Remind kwenye kompyuta yangu ya Linux ili ratiba yangu yote ikae katika faili moja la maandishi. Kwa ajili ya kikao cha Jumatatu niliandika hivi:

REM Mon AT 3:00 +15 MSG Kikao cha idara

Niliifungua programu saa moja na nusu asubuhi, nikakiona kikao kwenye orodha ya siku, lakini ilipokaribia saa tatu sikukumbushwa, nikachelewa. Nimekosea wapi? Tena, nitaandikaje kazi ya kupulizia zabibu dawa, ambayo huirudia kila baada ya siku kumi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, programu ilikutii barabara. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, ilhali kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 3:00 uliyoandika ni saa tisa usiku, ambayo ilikwisha kupita ulipoifungua programu. Ndiyo maana kikao kilionekana kwenye orodha, kwa kuwa bado ni cha siku hiyo, lakini hakikuwekewa ukumbusho wa saa. Andika 9:00, na kikao cha saa nane mchana kiandike 14:00. Ile +15 uliiweka vizuri: ni dakika za kutahadharisha kabla ya wakati wenyewe. Majina ya siku na miezi yabaki ya Kiingereza kama ulivyofanya, bali ujumbe unaofuata MSG ni wako, uandike kwa lugha uipendayo. (Nami niliwahi kuachwa na basi kwa kosa hilihili, kwa hiyo sikucheki.)

Kuhusu zabibu, tumia nyota. Tuseme unaanza tarehe 5 Januari 2026 na kuacha mwishoni mwa Februari:

REM 5 Jan 2026 *10 UNTIL 28 Feb 2026 MSG Kupulizia zabibu dawa

Mstari huo mmoja utakuletea tarehe 5, 15 na 25 Januari, kisha 4, 14 na 24 Februari. Ili kuziona zimepangwa katika jedwali la mwezi, andika remind -c, jina la faili lako, kisha mwezi unaoutaka, kwa mfano Jan 2026. Utaona kwamba tarehe 25 Januari ni Jumapili. Kwako wewe unayekwenda Hombolo siku za mapumziko hiyo ni nafuu, ila tarehe 5 na 15 ni Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo utahitaji ruhusa au kibarua.

Kasoro moja sitaificha: kompyuta iliyozimwa haimkumbushi mtu, na ujumbe wa saa hutokea palepale kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) uliyoitumia, hivyo ukiifunga au ukiwa shambani hutaupata. Mimi huiachia Remind kazi ya kupanga majuma na misimu, ambayo hakuna simu iliyonifanyia vizuri kama faili hilo, na kengele ya kikao naitega kwenye simu yangu.