Magogo na nguzo zisizotiwa dawa: 4403 au 4407?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una nguzo za mikaratusi kutoka Njombe, zimemenywa maganda, hazijapita kwenye tangi la dawa, na zinakwenda Kenya kwa mwenye kiwanda cha kutibu nguzo. Pia una magogo ya paini yaliyochongwa pande nne. Wakala mmoja kakwambia uandike namba ya bidhaa ya forodha 4403 (miti ghafi), wa pili 4407 (mbao zilizopasuliwa), na wa tatu kakutisha kwamba vichwa vya magogo vikishapakwa rangi basi mzigo wote unahesabika umetiwa dawa. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani miaka kumi na moja, na mizigo ya miti ndiyo niliyoishughulikia zaidi. Kwa nguzo zako, wakala wa kwanza yuko sahihi. Kwa paini, inategemea kona.

Nianze na nguzo, maana zilishaniumiza. Mzigo wangu wa kwanza wa mikaratusi ulikwama siku tatu kwenye kituo kimoja cha mpakani. Afisa alipitisha kiganja juu ya nguzo, akaona ni laini, akasema hii imeshapigwa randa, si gogo tena, badilisha uandike 4407. Mimi nilikuwa mgeni wa kazi, nikaanza kubishana kwa sauti badala ya kubishana kwa karatasi. Dereva analala chini ya lori, mteja anapiga simu kila saa. Siku ya tatu mzee mmoja wa ofisi ya jirani akanipa nakala ya Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani, akanifungulia kifungu cha 44.03. Nguzo za simu na za umeme zimetajwa humo waziwazi, pamoja na zile zilizolainishwa kwa kisu au kwa mashine ya kumenyea hadi ziwe tayari kutumika. Afisa alisoma, akanyamaza kidogo, akasaini. Hakuwa mtu mbaya, hakuwa ameuona tu ule ukurasa. Tangu siku hiyo sisafiri bila nakala yake.

Ukitaka kuelewa mgawanyo wenyewe, uliza mti umefanywa nini tangu ulipoangushwa. Kama umekatwa, ukamenywa ganda, hata ukaondolewa ile sehemu laini ya nje inayozunguka kiini, au ukachongwa pande nne kijuujuu ili upangike vizuri kwenye lori, bado ni 4403. Ukishapasuliwa kwa urefu ukawa mbao au boriti yenye unene unaozidi milimita 6, umehamia 4407. Milimita 6 kushuka chini ni 4408. Kuni ni 4401, mataruma ya reli 4406, na vigingi vilivyochongwa ncha bila kupasuliwa kwa msumeno vinakwenda 4404.

Sasa paini yako. Ugomvi wote uko kwenye neno "kuchongwa". Gogo lililochongwa kijuujuu, kwa shoka, tezo au kwa kukatwa ovyoovyo na msumeno, hujulikana kwa mabaki: utakuta ganda limebaki kwenye kona, upande mmoja umebonyea, vipimo havilingani kutoka shina hadi ncha. Hilo bado ni mali ghafi ya kupeleka kwenye mashine ya kupasulia, kwa hiyo 4403. Lakini kama mafundi wako wa Mafinga wamelipitisha kwenye msumeno likatoka boriti ya inchi 6 kwa 6, kona kali pande zote, hata ukiliita gogo mchana kutwa litabaki kuwa 4407. Piga picha za kona kabla ya kufunga turubai. Picha hizo zimenisaidia kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Kuhusu dawa, hapa naomba unisikilize vizuri, maana hata mawakala wazoefu wanakosea. Namba za 4403.11 na 4403.12 ni za miti iliyotiwa dawa ya kuitunza kwa muda mrefu: kreosoti, CCA (ile ya shaba, kromiamu na aseniki inayoacha nguzo na rangi ya kijani), na nyingine za namna hiyo. Paini ikienda huko ni .11, mkaratusi ni .12. Lakini dawa iliyowekwa ili mti usiharibike safarini au ghalani haihesabiki. Paini ikikatwa huvamiwa upesi na ukungu wa bluu, kwa hiyo watu huipulizia dawa siku hiyohiyo. Kwa macho ya forodha, bado haijatiwa dawa. Kadhalika mzigo uliofukizwa kuua wadudu ili upate cheti cha afya ya mimea. Na hiyo rangi ya kwenye vichwa vya magogo yako, kama ni alama ya mwenye mali au ni ya kuzuia kupasuka, haigeuzi chochote. Ila andika hivyo kwenye maelezo ya mzigo, usimwachie afisa akisie.

Jambo la tatu ni kipimo cha unene cha sentimita 15, nacho kinaihusu paini yako, si mikaratusi. Mkaratusi ambao haujatiwa dawa una namba yake moja, 4403.98, uwe mnene au mwembamba. Paini imegawanywa: 4403.21 ni ya sentimita 15 na kuendelea, 4403.22 ni iliyo chini ya hapo. Toleo la 2017 la orodha ya kimataifa ya namba hizi lilisema kipimo "chochote" cha unene wa gogo kikifika 15. Toleo la 2022 likabadilisha, sasa ni kipimo "kidogo kuliko vyote". Gogo lenye sentimita 18 shinani na 13 nchani lilikuwa .21, sasa ni .22. Jedwali la ushuru la Jumuiya ya Afrika Mashariki linalofuata toleo hilo lilianza kutumika Julai 2022, na bado nakutana na watu wanaonakili namba kutoka kwenye mafaili ya zamani. Pima ncha, mkuu, usipime shina. Wauzaji hupenda kukuonyesha shina.

Toleo hilohilo la 2022 liliipa mitiki namba yake, 4403.42, kwa hiyo wenzetu wa Tanga wasiitie tena kwenye kapu la miti mingine ya kitropiki.

Utaniuliza, kama mzigo ni wa Afrika Mashariki na una cheti cha uasili wa bidhaa, ushuru wa forodha si sifuri kwa namba yoyote? Ni kweli. Ndiyo maana watu wanazichukulia namba hizi kwa wepesi. Lakini cheti cha uasili kina namba, hati ya usafirishaji ya misitu ina maelezo, ankara ina maelezo, na tamko la forodha lina namba. Moja ikisema gogo na nyingine ikasema mbao, mzigo unashushwa chini kuhesabiwa. Tena namba haikupi ruhusa. Nchi nyingi zimezuia magogo ghafi yasitoke, Gabon tangu 2010, na hapa kwetu miti ya asili ina masharti makali. Nenda ofisi ya misitu kabla ya kukata, si baada ya kupakia. Mpingo upo chini ya CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu Januari 2017, na mninga uliongezwa kwenye mkutano wa Panama wa 2022. Ukiona mtu anakushawishi uchanganye vipande vichache vya mninga chini ya paini, mkatalie palepale. Nimeona kijana akipoteza mzigo mzima kwa vipande hivyo, na mtaji ulikuwa wa mama yake.

La mwisho ni ujazo. Muuzaji atakuandikia "nguzo 90", lakini tamko linataka mita za ujazo. Chukua kipenyo cha katikati ya nguzo, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa urefu, vyote kwa mita. Nguzo ya mita 10 yenye sentimita 20 katikati ni 0.314. Nguzo 90 ni kama 28.3. Mkaratusi mbichi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ukiandika 15 mizani itakusuta.

Kwa nguzo zako mimi ningeandika hivi: "Nguzo za mkaratusi (Eucalyptus), zimemenywa maganda, hazijatiwa dawa ya kudumu, urefu m 10, vipande 90, m³ 28.3", chini ya 4403.98, na maneno hayohayo kwenye karatasi zote. Kwa paini tuwekee hapa picha ya kona mbili na kipimo cha ncha cha magogo matano hivi, nitakwambia ni .21, .22 au ni mbao.