Barua kwa mwanangu: kupima kama gari la modeli limetimiza skeli yake

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku tu wazima. Swali lako la safari hii limenifurahisha kuliko yale ya viwanja na mabati. Umesema umenunua maboksi mawili ya magari ya modeli ya kuunganisha, ya watengenezaji tofauti, yote Volkswagen Beetle na yote yameandikwa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo kiwe sehemu moja ya ishirini na nne ya gari halisi, lakini ulipoyamaliza na kuyaweka sambamba, moja limeonekana dogo. Rula imekupa urefu wa milimita 170 kwa moja na 163 kwa jingine, na unataka kujua lipi linasema kweli.

Kwanza weka kando huo urefu. Urefu wa gari huhesabiwa kutoka ncha ya bampa la mbele hadi ncha ya bampa la nyuma, na bampa ni kitu ambacho kiwanda hukibadilisha mara kwa mara. Beetle za miaka ya mwanzo ya 1960 zilikuwa na urefu wa milimita 4070 hivi, na zilipopewa bampa jipya mwishoni mwa muongo huo urefu ukashuka hadi 4030 hivi. Ukigawa 4070 kwa 163 unapata karibu 25 kamili, nawe utaapa kwamba boksi limekudanganya; ukigawa 4030 kwa 163 hiyo hiyo unapata 24.7, namba isiyo ya huku wala ya kule. Ushahidi wa namna hiyo haumfungi mtu.

Kipimo cha kutegemea ni umbali wa kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa upande mmoja wa gari. Kwa Beetle ya kawaida umbali huo ni milimita 2400, na haukubadilika kwa miongo yote iliyotengenezwa. Bahati yako ni kwamba namba hiyo inagawanyika vizuri: katika 1/24 utapata milimita 100 kamili, na katika 1/25 utapata 96. Soma boksi kwa makini, hata hivyo, kwa sababu Beetle za 1302 na 1303, zilizoanza kutoka mwaka 1970, zilibadilishwa sehemu ya mbele na umbali huo ukawa 2420, yaani milimita 100.8 kwenye modeli ya 1/24. Usije ukamlaumu mtengenezaji kwa kulipima gari moja kwa namba za gari jingine.

Nilipopata barua yako nilikwenda Kiloleni kwa rafiki yangu mwenye Beetle ambayo bado inatembea, tukaisimamisha kwenye sakafu ya saruji magurudumu yakiwa yamenyooka. Nilishusha timazi, ule uzi wenye kizito, kutoka katikati ya kila kitovu, nikaweka alama ya chaki pale ncha yake ilipotua, kisha tukavuta futi ya kupimia kati ya alama mbili. Upande wa kulia ulitoa 2400, wa kushoto ukapungua milimita tatu, jambo la kawaida kwa gari la umri ule. Nawe fanya vivyo hivyo kwa udogo wake: liweke gari juu ya karatasi ya grafu, simamisha pembe ya seti skwea iguse katikati ya kila gurudumu, weka alama, kisha pima. Ukiwa na venia, kile kipimo cha taya mbili, itakuwa bora zaidi. Pima pande zote mbili, na kama zinatofautiana sana, kosa ni la gundi yako, si la kiwanda.

Hakuna haja ya kupima vitu vidogo. Ukikosea nusu milimita kwenye milimita 100, umekosea nusu ya asilimia moja, na jibu lako litabaki kati ya 23.9 na 24.1; lakini ukikosea nusu milimita hiyo hiyo kwenye upana wa tairi lenye milimita sita, umekosea zaidi ya asilimia nane, na tofauti yote kati ya 1/24 na 1/25 ni asilimia nne tu. Plastiki nayo husinyaa kidogo inapopoa ndani ya kalibu, kwa hiyo 99.5 usiihesabu kuwa udanganyifu.

Ukishapata kipimo cha kitovu hadi kitovu, endelea na upana wa bodi, ambao kwenye gari halisi ni milimita 1540 hivi, yaani 64 katika 1/24 na karibu 61.6 katika 1/25. Kimo kiache mwisho, maana hutegemea jinsi ulivyokaza ekseli na ukubwa wa matairi uliyopewa. Skeli ni namba moja ambayo inapaswa kurudi kila unapogawa kipimo cha gari halisi kwa kipimo cha modeli. Vipimo vyote vikirudisha 24, boksi ni la kweli. Vyote vikirudisha 25, gari limechongwa vizuri ila lebo ndiyo ya uongo. Kikirudi 24 kwa kitovu hadi kitovu na 22.5 kwa upana, hapo lipo tatizo la umbo lenyewe, kama shati lililoshonwa mikono ikatosha lakini kifua kikapwaya, na huwezi kulitibu kwa kubadilisha lebo.

Tatizo hilo la umbo lina historia yake. Zamani modeli nyingi za Japani ziliwekewa mota na betri, na mwili ukachongwa kuvizunguka. Skeli ya 1/35 ya vifaru vya modeli vya Tamiya, kampuni ya Japani, ilitokana na ukubwa wa betri zilizopaswa kuingia ndani ya kifaru cha kwanza. Skeli ya 1/24 ni ya watu wa futi na inchi, kwa kuwa nusu inchi inasimama badala ya futi moja. Wamarekani nao walizoea 1/25, iliyokuwa skeli ya magari madogo ya plastiki yaliyotolewa na wauzaji wa magari kama matangazo, na kampuni kama AMT ikaendelea nayo kwenye maboksi ya kuunganisha. Hata 1/43, ambayo sisi wa karakana ya reli tunaipenda, ilitoka kwenye treni za kuchezea za Uingereza, milimita saba kwa futi. Skeli mbili zinazokaribiana hivi zinapouzwa kwenye rafu moja, ni rahisi lebo kuandikwa namba inayouzika.

Na kama umejiuliza kwa nini jicho lako liliona tofauti kubwa kuliko rula, ni kwa sababu asilimia nne za urefu huzidishwa na nne za upana na nne za kimo, na gari la 1/24 likawa na ujazo mkubwa kwa asilimia 13 kuliko la 1/25. Ungekuwa umenunua Beetle moja na Land Rover moja usingegundua lolote, na mimi nisingekushauri uhangaike.

Kwa kuwa ni gari lile lile, pima. Ukipata 96 kwa lile dogo, mwandikie muuzaji, mpe namba zote na jinsi ulivyozipata, na umwombe akubadilishie. Akikataa, libakishe, ila liandike 1/25 chini ya chasisi kwa wino usiofutika, ili atakayelinunua kwako asihangaike. Nitumie vipimo vya kitovu hadi kitovu na vya upana, vya magari yote mawili, pamoja na mwaka wa modeli ulioandikwa kwenye kila boksi. Mama yako anauliza utakuja lini.

Baba yako