Tezi huharibika kabla haijafika maabara

Sampuli ya limfoma (saratani ya tezi za limfu) ikirudishwa na jibu kwamba haisomeki, kosa mara nyingi limefanyika chumba cha upasuaji, katika saa ya kwanza.

Toa tezi nzima. Sindano nyembamba huvuta seli zikiwa zimetawanyika, na limfoma nyingi hutambuliwa kwa jinsi seli zilivyojipanga. Chagua tezi kubwa ya shingo au kwapa. Mitoki ya kinena huwa na makovu ya vidonda vya miguu vya zamani. Usiibane tezi kwa koleo, seli za limfu hupondeka upesi. Prednisoloni, dawa ya steroidi, isubiri, maana hata siku chache za dawa hiyo huua seli unazozitafuta.

Ikishatoka, usiiache juu ya shashi kavu. Ikate mara moja vipande vya milimita 3 hadi 4. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, hupenya taratibu, takriban milimita 1 kwa saa, hivyo tezi ya sentimita 3 ikitumbukizwa nzima hukaza pembeni huku katikati ikioza. Hapo rangi ya CD20, protini ya seli B inayotafutwa kwenye limfoma, inaweza kushika pembeni tu, na msomaji akapotoshwa. Kabla ya kuitumbukiza, gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi mbili tatu, zikauke. Kipande kingine kiende kwenye salaini (maji ya chumvi) kwa GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu, na kuotesha vimelea: kifua kikuu cha tezi huvimbisha shingo vilevile, na formalini huua bakteria.

Formalini ya 10% kwa lita 1: mililita 100 za ile kali ya dukani, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfati na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfati. Bila chumvi hizo inageuka tindikali na kuacha madoa ya kahawia kwenye slaidi. Ujazo uwe angalau mara 10 ya nyama. Chupa iwe na mdomo mpana, kwani kinachoingia laini hutoka kigumu. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, vifuniko hubadilishana. Saa 24 zinatosha kwa vipande hivyo; zikipita 72, vipimo vya protini huanza kudhoofika.

Fomu yenye neno “uvimbe” peke yake haimsaidii mtu. Taja umri, mahali, muda, homa, hali ya VVU na dawa alizotumia. Mtoto mwenye taya lililovimba aandikiwe “Burkitt?” (limfoma inayokua kwa kasi) na namba ya simu ya daktari: uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo slaidi za kugusisha zisomwe siku hiyohiyo, bila kungoja Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika.